Kioo Kiko Ng'ambo ya Barabara

Jumatatu, 3 Machi

Muuguzi wa kliniki kasema presha yangu inapandishwa na mawazo. Niyaandike, badala ya kumwamsha Baba Kadogo kila mara kumwambia. Haya, nayaandika. Niliishia darasa la nne, atakayecheka mwandiko acheke.

Wazo la kwanza ni barabara. La pili ni barabara. La tatu ni Mama Pacha.

Kadogo kaanza shule mwaka huu. Ndiye kitindamimba wangu, hajanifika kiunoni, na shule iko ng'ambo ya barabara kuu. Malori yanapita hapo kama yanafukuzwa. Asubuhi namvusha mwenyewe, nimemkamata mkono mpaka analalamika vidole vimekufa ganzi. Mchana akitoka ananisubiri ng'ambo, na mimi niko kibarazani nasuka nywele za watu, jicho moja kwenye kichwa cha mteja, jicho moja barabarani. Wateja wanasema siku hizi mistari yangu imepinda. Imepinda, ndiyo. Mwenye mtoto atanielewa.

Leo mkutano. Kata zote zinazopitiwa na barabara hii zimeungana na kuunda kamati ya usalama barabarani. Watu wamechoka kuzika na kuuguza. Kila mtaa utapata kivuko chake: mistari myeupe, kibao, na matuta ya kupunguza mwendo. Lakini kimoja tu! Na mtaa wetu una kona mbili. Kona ya chini, hapa mbele ya kibaraza changu. Kona ya juu, mbele ya duka la sare na madaftari la Mama Pacha. Kati yetu kuna ukuta wa gereji. Kivuko kikiwekwa juu, Kadogo atavuka nisimwone. Nitakuwa nimekaa hapa na kichwa cha mtu mapajani, mwanangu anavuka nyuma ya ukuta. Hapana. Haiwezekani.

Mhandisi aliyetumwa ni binti mdogo mwenye buti kubwa. Akaeleza kwamba kuanzia Jumatano watahesabu watu wanaovuka kwenye kila kona. Akaendelea na mengine, sijui madereva wanaona umbali gani, sijui mteremko. Sikumsikiliza sana. Nilichokitaka nilishakipata. Wanahesabu watu!

Mama Pacha akanyoosha mkono, akasema kona ya juu ndiyo inayovukwa na watu wa maana. Nikasema, si kwa sauti ndogo, kwamba lori halina macho ya kuchagua mtu wa maana. Watu wakacheka. Mwenyekiti akagonga meza, akasema akina mama tuheshimiane.

Jumanne, 4 Machi

Nimewaza kutwa nzima. Ukweli ni kwamba wengi huvuka juu, kwa sababu ya duka. Huku chini huvuka wachache, na mbwa wa gereji. Kuwaomba watu wavuke bure ni aibu. Lazima wawe na shida ng'ambo. Shida gani?

Jibu kanipa Wifi bila kujua. Wifi ni dada wa mume wangu, anapenda kujitazama. Kila nikimaliza mstari mmoja anaomba kioo, utadhani nywele zitatoroka. Leo akaomba. Nikampa. Akaomba tena. Nikakitazama kile kioo changu kikubwa cha ukutani. Kikanitazama. Kumbe!

Alipoondoka tu nikakitungua, nikakibeba mpaka ng'ambo kwa fundi cherehani, nikamwomba akitundike nje ya kibanda chake. Akauliza kwa nini. Nikasema kwangu kuna jua. Akasema hata kwake kuna jua. Nikasema jua la kwake ni zuri. Akaleta msumari. Fundi huyu ni mtu mwema, haulizi mara mbili.

Jumatano, 5 Machi

Kuhesabu kumeanza. Mhandisi kakaa upande wangu wa barabara, kiti cha plastiki, mwavuli, kimashine kidogo mkononi. Mtu akivuka anabofya, ta! Msaidizi wake yuko kona ya juu na kimashine kingine.

Mpango umeitika! Mteja wa kwanza nilimsuka mistari michache akaomba kioo. Nikamwambia kioo kiko ng'ambo, mama. Akashangaa, lakini akaenda, kichwa upande mmoja kimelala na upande mwingine kimesimama wima kama kafumaniwa na umeme. Ta! Akarudi. Ta! Nikasuka mistari mingine. Akaenda tena. Ta!

Mchana nikaongeza utundu. Nywele tunafumua kwangu, tunaosha ng'ambo bombani, tunasuka kwangu, tunajitazama ng'ambo. Wifi alirudi leo kumaliziwa. Alipovushwa mara nyingi akasimama katikati ya kibaraza, mikono kiunoni, akaniuliza: "Hebu niambie, wifi yangu, nasukwa au naandaliwa kwa vita?" Nikamweleza siri. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaanza kuvuka hata bila sababu.

Madereva wanapiga honi. Mmoja alitoa kichwa dirishani akauliza mtaa huu umepatwa na nini, mbona wanawake wote wana nywele nusu. Mhandisi alinitazama. Nikampelekea maji ya kunywa. Mtoto wa watu, jua lote hilo.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Pacha kashtuka. Amewatoa wale mapacha wake, kawavalisha mashati na kaptura za kufanana, kawapa ndoo, wanavuka kwenda na kurudi kule juu. Ubaya ni kwamba msaidizi aliamini ni mtoto mmoja tu anayecheza barabarani, akamfokea kila alipotokea. Walipokuja kusimama wote wawili mbele yake alikasirika kabisa, akakataa kumhesabu yeyote. Nimesimuliwa na Wifi, maana sasa ndiye mpelelezi wangu.

Mama Pacha akawa anatoa penseli ya bure kwa kila anayetoka ng'ambo. Nikajibu kwa kumpaka mafuta bure kila anayevuka kujitazama. Wakajaa! Wengine hata sijawasuka. Kuna mzee kipara alipakwa mafuta akaenda kujitazama, akarudi ameridhika.

Saa za alasiri Mama Pacha mwenyewe akashuka kuona kuna nini. Akanipita bila salamu, akavuka mpaka kwenye kile kioo. Ta! Hapo ndipo alipogundua amehesabiwa upande wangu. Na kurudi lazima avuke tena! Alisimama ng'ambo kwa muda mrefu, akitazama huku na huku kama aliyesahau njia ya kwao. Mwishowe akavuka. Ta! Nikamshukuru kwa mchango wake. Akasema tutaonana. Nikasema karibu, kioo unakijua.

Jioni Baba Kadogo kaniharibia raha. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, haongei sana, akiongea ujue amekaa nalo. Akasema wanawake wangu wanavuka shingo zimeelekea kwenye kioo, hawatazami magari. Nikasema wanatafuta uzuri. Akauliza uzuri gani wa kwenda kulazwa nao. Nikamwambia asituletee mkosi ndani, ale chakula kinapoa.

Ijumaa, 7 Machi

Leo herufi zinisamehe.

Nilimvusha Kadogo vizuri alipotoka shule. Akala. Akakaa karibu yangu kibarazani. Nywele zake nilikuwa nimemsuka alfajiri, amefurahi nazo, kila mtu anamsifia. Mimi nikarudi kwenye kichwa cha mteja. Wifi akainuka kwenda kujitazama, mbio mbio, kama kawaida yake. Nikasikia kandambili ndogo zinapiga lami nyuma yake.

Sikupiga kelele. Niliona pikipiki inatoka kwenye mteremko, niliona mwanangu anacheka kuelekea kwenye kioo, na mikononi nimeshika nywele za mtu, siwezi hata kuziachia.

Yule mwenye pikipiki akakata kona akaingia mtaroni. Kadogo akafika ng'ambo. Akajitazama. Akageuka kunionyesha kwamba amependeza.

Nilivuka sijui vipi. Nilimkumbatia mpaka akasema namwumiza. Mwenye pikipiki alipanda kutoka mtaroni, matope mpaka kifuani, mzima. Nilijua atanitukana na nilikuwa tayari. Hakunitukana. Aliuliza tu mtoto hajaumia? Hapo ndipo nilipolia.

Nilimwuliza Kadogo si nilikufundisha kutazama huku na huku na huku tena. Akasema, mama, shangazi hatazami, na wale wote hawatazami, nikajua sasa hivi hatutazami tena.

Miezi yote nimemfundisha kwa mdomo. Wiki hii nimemfundisha upya bila kufungua mdomo.

Wifi amelia pia. Kioo nimekitungua, nimekirudisha ukutani. Mhandisi hakubofya. Alisimama na mkono kifuani, kisha akakaa, akaandika kitu kirefu. Sitafanya hila tena maishani.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala vizuri kidogo. Kadogo mzima, anaruka kamba.

Nimefikiri. Hila ni mbaya, sawa. Lakini watu walishahesabiwa. Nikienda kumwambia mhandisi awafute itakuwa kama namfundisha kazi. Na kona yangu ikipata kivuko, si ndiyo usalama wenyewe? Nimeamua kukaa kimya. Kunyamaza si hila.

Jumatatu, 10 Machi

Mkutano wa matokeo. Nilivaa gauni langu la harusi za watu. Mama Pacha alikuwa amekaa mbele, mapacha kulia na kushoto kama walinzi.

Mhandisi akasimama. Akasema katika barabara nzima, kata zote, hakuna mahali watu wanavuka kwa wingi kama kona yetu ya chini. Sikumngoja. Nilipiga kigelegele! Wifi akadakia. Nikasimama, nikamshukuru Mungu, kamati, mhandisi, wazazi wenzangu, nikamgeukia Mama Pacha nikamwambia asikate tamaa, kushindwa si kufa.

Mhandisi alisubiri nikae. Kwa adabu kabisa. Kisha akaendelea. Akasema kona hiyo iko mwisho wa mteremko, dereva haoni mtu mpaka amfikie. Kwamba wanaovuka hapo hawatazami gari, wote wanatazama upande mmoja, jambo ambalo hajaliona popote katika kazi yake. Kwamba yeye mwenyewe kashuhudia mtoto akiponea chupuchupu. Kwa hiyo mahali hapo ndipo penye hatari kuliko pote, na kamati imeamua pashughulikiwe haraka. Pashughulikiwe vipi? Pawekwe uzio wa chuma, mtu asiweze kuvuka hapo kabisa. Kivuko kitakuwa kona ya juu.

Kigelegele kingine kikasikika. Mama Pacha. Akanigeukia taratibu akaniambia, "Kushindwa si kufa, mama."

Alhamisi, 13 Machi

Uzio unahitaji fundi. Kamati imemchagua fundi. Fundi ni mume wangu.

Kibaraza kimejaa vyuma. Wateja wanasukwa katikati ya cheche, mmoja kaungua kishungi kidogo. Baba Kadogo anapiga nyundo tangu asubuhi na anaimba, mtu ambaye hata harusini kwetu hakuimba.

Nimemwomba aache kijipengo. Kidogo tu. Akauliza cha kupita nani. Nikasema cha kupita upepo. Akasema upepo hauhitaji kupimwa kiuno. Nikamwuliza yuko upande gani. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, akavaa miwani yake ya kuchomelea, na mtu akishavaa ile miwani huwezi kugombana naye. Humwoni macho.

Jumanne, 18 Machi

Uzio umesimama. Imara. Nimeutikisa, hautikisiki. Ameupaka rangi ya manjano. Naona shule kupitia nondo kama niko gerezani.

Wapita njia wanasifia kazi ya fundi.

Alhamisi, 20 Machi

Kivuko cha juu kimefunguliwa. Mistari inang'aa, matuta yapo, malori yanafika pale yanainama kama yanasalimia. Lazima niseme ukweli humu maana hakuna anayesoma: kizuri.

Watoto wa mtaa sasa wanakwenda pamoja, wameshika kamba moja ndefu, mzazi mmoja mbele, mmoja nyuma. Kadogo kafurahi. Asubuhi kanipungia mkono akaenda na kamba yao. Wakapotea nyuma ya ukuta wa gereji.

Nikakaa kidogo. Nikainuka. Nikawafuata, nikajibanza nyuma ya gari bovu. Wakasimama, wakatazama huku na huku, wakavuka. Nikashusha pumzi. Kumbe fundi wa gereji alikuwa chini ya lile gari, akaniuliza kama nimeleta vipuri.

Jumanne, 25 Machi

Nimekamatwa. Nilikuwa nimejifunika khanga gubigubi, naenda nyuma ya kamba umbali wa heshima. Mtoto mmoja akapiga kelele kwamba kuna mtu anawafuata. Wote wakageuka. Kadogo akawaambia wenzake msiogope, huyo ni mama, hana ugonjwa, ana wasiwasi.

Mwalimu kaniita. Kasema Kadogo kaomba nisimfuate tena, wenzake wanamtania. Nilirudi nyumbani nimenywea. Ananiambia niache kumpenda hadharani! Hakusema hivyo, lakini ndivyo nilivyosikia.

Jioni, hodi. Mama Pacha! Nilijua kaja kunisimanga, nikaandaa maneno. Hakunisimanga. Alikaa, akatazama uzio, akatazama mimi. Akasema kamati inatafuta mtu wa kusimama pale kivukoni asubuhi na mchana, ashike kibao cha kusimamisha magari. Akasema amelitaja jina langu, kwa sababu mtu anayependa kuvusha watu kuliko mimi hajazaliwa. Kisha akasema kitu cha pili, sauti chini. Kwamba siku ile ya pikipiki alikuwa barabarani kule juu, akaona yote, akamshika mmoja wa mapacha wake asimwachie mpaka jioni.

Nikamsuka. Mistari ilinyooka.

Jumatatu, 31 Machi

Nina kizibao cha kung'aa! Nina kibao! Nikikiinua, lori lenye matairi sijui mangapi linasimama. Linaninyenyekea mimi, wa darasa la nne. Kadogo amewaambia wenzake huyo ndiye mama yangu. Leo nimependwa hadharani.

Mhandisi alinielekeza: inua, watoto wavuke, shusha. Rahisi.

Alhamisi, 3 Aprili

Kuna malalamiko. Eti foleni inafika mpaka kwenye daraja. Ni uongo. Haijafika kwenye daraja, imefika kituo cha mafuta.

Mimi nafanya kama nilivyoelekezwa. Inua, wavuke, shusha. Sasa, kuvuka kumeisha lini? Mhandisi anasema wakikanyaga upande wa pili. Mimi nasema njia ya pale mpaka getini ina mawe, mtoto anaweza kujikwaa, anaweza kukumbuka kitu akageuka. Kwa hiyo nasubiri Kadogo aingie getini. Halafu nasubiri afike darasani. Halafu anapunga mkono dirishani, na hapo nashusha kibao. Siku nyingine anasahau kupunga. Jana mwalimu alikuwa anaita majina, ikabidi magari yasubiri.

Dereva wa basi aliniuliza, "Mama, sisi hatuna watoto?" Nikamwambia kama anao basi anielewe.

Ijumaa, 4 Aprili

Mwenyekiti kapita nyumbani. Mhandisi anakuja Jumatatu, na saa mkononi. Atakaa pale kivukoni na kupima watu wanachukua muda gani kuvuka, ili kamati iamue magari yasimamishwe kwa muda gani. Wasipochelewa, nitapewa muda mfupi. Wakichelewa, nitaongezewa. Akaendelea na mengine, sikumsikiliza sana.

Baba Kadogo alinitazama usoni akaniambia hapana. Nikamwuliza hapana nini, mbona sijasema kitu? Akavaa miwani.

Nimeshaongea na Wifi. Amekubali kuchechemea, ila anataka kujua mguu upi. Yule mzee kipara atakuja na mjukuu wa kumshika mkono. Mama Pacha nimemwambia pia, maana sasa ni mwenzangu. Akasema mimi ni kichwa maji, sitakoma. Kisha akasema mapacha wake wanaweza kubebana.

Wateja wote wa Jumatatu nimewaambia waje asubuhi mapema, na kila mmoja aje na fimbo.